Sura ya Sita: Kuuza Nyumba Bila Dalali

Neno dalali, ambalo Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, hubeba katika miji ya Tanzania maana mbili ambazo ni lazima zitenganishwe kabla ya hoja yoyote kujengwa juu yake. Yupo dalali wa mnada, ambaye hupewa kazi na mahakama au benki, hutangaza mali ya mdaiwa, na huiuza hadharani kwa atakayetaja bei kubwa kuliko wengine; na yupo dalali wa mtaani, ambaye hajatumwa na mahakama yoyote, ambaye ofisi yake ni kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo, benchi chini ya mwarobaini na simu isiyozimwa, na ambaye biashara yake ni kujua nani anauza, nani anatafuta na nani ameshindwana na nani. Sura hii inamhusu huyu wa pili. Inahusu pia swali ambalo karibu kila mwenye nyumba anayetaka kuuza hujiuliza siku ya kwanza, nalo ni kama inafaa nyumba ikabidhiwe kwa dalali au iuzwe na mwenyewe, uso kwa uso na mnunuzi.

Swali hilo kwa kawaida hujibiwa kwa hesabu ya haraka. Udalali, yaani ujira wa dalali, katika mauzo ya nyumba na viwanja Dar es Salaam hutajwa mara nyingi kuwa kati ya asilimia 5 na asilimia 10 ya bei, hivyo nyumba inayouzwa shilingi milioni 120 humtoa mwenyewe milioni 6 hadi milioni 12, na mtu yeyote aliyejenga kwa kudunduliza, tofali kwa tofali, ataona uchungu kumpa kiasi hicho mtu aliyepiga simu tano na kufungua geti mara tatu. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haitoshi, kwa sababu inapima kile dalali anachochukua bila kupima kile anachofanya, na inaacha kabisa jambo zito kuliko yote mawili, ambalo ni hali ya karatasi za nyumba yenyewe. Hoja ya sura hii ni kwamba mwenye nyumba yenye karatasi safi, iliyo katika eneo ambalo bei zake zinajulikana, anaweza kuuza mwenyewe bila hasara, na kwamba mwenye nyumba ambayo karatasi zake zina utata hapaswi kuiuza kwa njia yoyote, iwe kwa dalali au bila dalali, mpaka utata huo uondoke.

Kazi ya dalali, ikichambuliwa, huonekana kuwa kazi nne zilizofungwa katika fungu moja. Anajua bei, kwa maana ya bei ambayo nyumba za jirani zimeuzwa kweli, ambayo ni tofauti na bei zinazotajwa midomoni, anamleta mnunuzi, anachuja, yaani anawatenga wenye fedha na wale wanaokuja kutazama ili waone watu wengine wanaishije, na anapatanisha, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wakikaa wenyewe hufika mahali pa kuoneana aibu au kukasirikiana, ilhali mtu wa kati anaweza kubeba maneno ya kila upande akiwa ameyalainisha. Kazi ambayo dalali wa mtaani haifanyi, na ambayo watu wengi hudhani anaifanya, ni ya kisheria. Haandiki mkataba unaosimama mahakamani, hafanyi upekuzi, yaani uchunguzi wa kumbukumbu za usajili katika ofisi ya msajili wa hati, wala hawajibiki endapo itagundulika mwaka unaofuata kwamba nyumba ilikuwa imewekwa rehani benki. Kazi hizo ni za wakili, na kosa linalowaumiza watu kuliko mengine yote katika mauzo ya nyumba ni kumwacha dalali na wakili kwa pamoja, kana kwamba wote wawili ni gharama ya aina moja.

Namna dalali anavyolipwa inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayoamua atamtumikia nani. Njia ya kwanza ni asilimia. Ikiwa udalali ni asilimia 5 na nyumba ikauzwa milioni 114 badala ya milioni 120, mwenye nyumba amepoteza milioni 6, lakini dalali amepoteza laki 3 tu, na ikiwa laki 3 hizo zinamtaka asubiri miezi mingine miwili na awatembeze wanunuzi wengine kumi juani, basi maslahi yake yanamwambia amshawishi mwenye nyumba kwamba bei ya leo ndiyo bei. Si lazima awe mtu mbaya ili afanye hivyo. Inatosha awe mtu anayekula kwa siku. Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walichunguza karibu mauzo 100,000 ya nyumba katika eneo la Chicago na wakachapisha matokeo yao mwaka 2008, wakionyesha kwamba mawakala wa nyumba walipokuwa wakiuza nyumba zao wenyewe waliziuza kwa bei iliyozidi kwa takriban asilimia 3.7 ile ya nyumba za wateja wao zinazofanana nazo, na waliziacha sokoni kwa takriban siku tisa na nusu zaidi. Walipokuwa wakisubiri kwa ajili yao wenyewe, walijua kusubiri.

Njia ya pili ya malipo, ambayo haimo katika uchunguzi wa Chicago lakini inatawala mitaa mingi ya Dar es Salaam, huitwa cha juu. Hapa mwenye nyumba humwambia dalali kwamba yeye anataka milioni 100 mkononi, na kiasi chochote kitakachozidi ni cha dalali. Mpango huu huwapendeza wauzaji kwa sababu unaonekana hauna gharama, nao kwa kweli hugeuza maslahi ya dalali upande wa pili kabisa: sasa kila shilingi inayoongezwa juu ya milioni 100 ni yake yote, kwa hiyo ataitangaza nyumba kwa milioni 130 au 140, atawafukuza kwa bei wanunuzi ambao wangelipa 110 kwa furaha, na nyumba itakaa miezi sita huku mwenyewe akiamini kwamba soko ni gumu. Jambo la hatari zaidi ni kwamba mwenye nyumba hukosa kujua bei halisi ya nyumba yake. Ili cha juu kibaki siri, dalali hulazimika kuwazuia muuzaji na mnunuzi wasizungumze peke yao, na hapo ndipo yanapozaliwa yale maneno yanayojulikana sana, kwamba mwenye nyumba ni mgonjwa, au yuko safarini, au hapendi kusumbuliwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya Sheria za Tanzania, inamtaka mtu anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine atoe hesabu kwa aliyemtuma, na faida aliyoificha inaweza kudaiwa. Hata hivyo, mahali ambapo makubaliano yote yalifanywa kwa mdomo, chini ya mwarobaini, kudai ni jambo moja na kupata ni jambo jingine.

Zaidi ya hayo, dalali mara chache huwa mmoja. Tanzania haina daftari la pamoja la nyumba zinazouzwa kama lile linalotumiwa na mawakala wa Marekani, ambamo nyumba huandikwa mara moja na kuonekana na mawakala wote kwa bei moja, na kwa hiyo dalali aliyepewa nyumba humpigia mwenzake, naye humpigia mwingine, na kila mkono unaopitia habari hiyo huongeza fungu lake. Mnunuzi anayetafuta kwa bidii anaweza kuonyeshwa nyumba ileile na madalali watatu katika wiki moja, kwa bei tatu, na akifika kwa mara ya tatu kwenye geti lilelile haulizi tena kuhusu vyumba bali anauliza nyumba hii ina nini. Wengine hutozwa pia fedha ya kuonyeshwa, ambayo hulipwa hata kama nyumba haikupendeza, na ambayo humfanya dalali apate riziki kwa kuonyesha kuliko kwa kuuza.

Kwa kutazama hayo tu, mtu angeweza kuhitimisha kwamba kila mwenye nyumba auze mwenyewe. Hitimisho hilo lingekuwa la haraka. Igal Hendel, Aviv Nevo na François Ortalo-Magné, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walilinganisha nyumba zilizouzwa na wenyewe kupitia tovuti moja ya mji wa Madison, Wisconsin, na zile zilizouzwa kupitia mawakala katika mji huohuo, wakaona kwamba mawakala hawakuleta bei kubwa zaidi, hata kabla ya ujira wao kukatwa. Lakini waliona vilevile kwamba waliouza wenyewe walichukua muda mrefu zaidi, na kwamba baadhi yao walishindwa na kuishia kwa mawakala. Somo linaloweza kuvushwa kutoka Madison hadi Dar es Salaam ni kwamba dalali huuza muda zaidi kuliko bei. Anayehitaji fedha kabla ya mwisho wa mwezi ili alipe ada au matibabu yuko katika hali tofauti kabisa na anayehamia nyumba nyingine na anaweza kungoja mwaka mzima, hata kama nyumba zao zimepakana ukuta.

Kuna kitu kimoja ambacho Madison walikuwa nacho na ambacho Dar es Salaam hakipatikani kila mahali, nacho ni uhakika wa nani ni mwenye nyumba. Katika kuta nyingi za jiji hili, kwa rangi nyeusi au nyekundu na herufi zinazosomeka toka barabarani, yameandikwa maneno NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni huyashangaa, lakini mkazi anajua kwamba kuna matapeli waliouza nyumba zisizo zao wakati mwenyewe yuko safarini, na kuna ndugu waliouza nyumba ya familia bila wenzao kujua. Mnunuzi anayekuja kwa muuzaji asiyemjua anakuja na hofu hiyo moyoni, na sehemu ya kile anachomlipa dalali ni utulivu wa kudhani kwamba mtu wa mtaa ule amethibitisha. Anayetaka kuuza bila dalali lazima alete uthibitisho huo kwa njia nyingine, na njia hiyo ni karatasi.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini, na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, kinachouzwa ni haki ya kukaa na kutumia, ambayo hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99, pamoja na maendelezo, yaani nyumba na vyote vilivyojengwa juu yake. Ushahidi wa juu wa haki hiyo ni hati miliki. Chini yake ipo leseni ya makazi, ambayo ilianzishwa ili kuwatambua wakazi wa maeneo yasiyopimwa na ambayo hutolewa kwa muda mfupi unaoweza kuhuishwa. Na chini zaidi ipo karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, ambayo ndiyo karatasi pekee iliyo nayo sehemu kubwa ya wenye nyumba wa maeneo kama Manzese na Tandale. Nyumba iliyoko Sinza au katika maeneo ya Mradi wa Viwanja 20,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama vile Mbweni na Bunju, hutambulika kwa namba ya kiwanja na kitalu, hivyo mnunuzi anaweza kuomba upekuzi na kujua ndani ya muda mfupi kama jina lililo kwenye hati ndilo jina la anayeuza, na kama kuna rehani au zuio. Hapo mwenye nyumba anasimama imara bila dalali. Nyumba ya eneo lisilopimwa husimama juu ya kumbukumbu za watu, yaani mjumbe wa shina, majirani wa pande nne na mzee aliyeuza kiwanja miaka thelathini iliyopita, na muuzaji wa nyumba ya namna hiyo anapaswa kuwakusanya mashahidi hao kabla ya kuitangaza, kwa sababu hakuna daftari litakalomsemea.

Karatasi zina upande mwingine ambao ni wa ndani ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu, na ridhaa hiyo inapaswa kuandikwa na kutiwa saini. Nyumba iliyoachwa na marehemu haiwezi kuuzwa na mtoto mkubwa kwa sababu tu ya ukubwa wake. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mambo haya mawili ndiyo yanayovunja mauzo mengi baada ya fedha kuwa zimekwisha kutumika, na dalali hana dawa yake. Dalali anayemwambia mjane kwamba barua ya mahakama itafuatiliwa baadaye, mnunuzi kwanza aoneshwe nyumba, anamwingiza katika deni ambalo yeye dalali hatalilipa.

Mwenye nyumba ambaye karatasi zake zimekamilika hubaki na kazi ya bei, na hapa ndipo wengi huanguka, kwa kuwa mtu hupangia nyumba yake bei ya jasho lake. Mnunuzi hanunui jasho. Njia ya uhakika ni kumlipa mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, ambaye ripoti yake itahitajika hata hivyo, kwa kuwa thamani itakayoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali ndiyo itakayotumika katika tozo za uhamisho. Na njia ya kuisahihisha ripoti hiyo ni kuwauliza majirani waliouza ndani ya mwaka mmoja au miwili, wakiulizwa kiasi walichopokea, si walichoomba. Kisha nyumba itangazwe kwa bei moja, ileile kwa kila mtu, na ikiwa maongezi yapo, kama matangazo yanavyosema, mwenye nyumba awe amekwisha kujiwekea kimya kimya kiwango ambacho hatashuka chini yake.

Mnunuzi makini wa Dar es Salaam ana tabia zake, na muuzaji asiye na dalali anafaa kuzijua, kwa sababu hakutakuwa na mtu wa kumtafsiria. Hufungua bomba kabla ya kusifia sebule. Huinama kutazama sehemu ya chini ya ukuta wa nje, akitafuta ule mstari wa rangi ya udongo ambao mafuriko huuacha, na akikuta rangi mpya imepakwa kimo cha goti tu kuzunguka nyumba nzima, huondoka akiwa amekwisha kuamua. Huuliza mita ya LUKU iko kwa jina la nani, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme, na deni la zamani linaweza kujitokeza hapo. Husimama barabarani akapima kwa macho kama lori la maji litapita. Muuzaji anayejibu maswali haya kwa ukweli, akasema mwenyewe kwamba maji hukaa uani kwa saa mbili mvua za masika zikizidi na akaonyesha mfereji aliouchimba, hujenga imani ambayo hakuna dalali anayeweza kuijenga, kwani dalali hajawahi kulala ndani ya nyumba ile mvua ikinyesha.

Kuhusu mkataba maneno ni machache. Sheria ya Ardhi haitambui mauzo ya mdomo. Mkataba huandikwa, hutiwa saini mbele ya wakili, malipo hupita benki, na hati hubaki mikononi mwa wakili mpaka malipo yakamilike. Uhamisho wenyewe una fomu zake, ambazo wakili huzijaza: taarifa ya kuhamisha miliki, maombi ya ridhaa na hati ya uhamisho, zinazojulikana kama fomu namba 29, 30 na 35. Kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa yote kabla ya kuzipeleka.

Kodi ya faida huhitaji maelezo marefu kidogo. Mkaazi wa Tanzania anayeuza nyumba hutozwa asilimia 10 ya faida, yaani tofauti kati ya bei ya kuuza na gharama za kununua, kujenga na kuuza, na sheria imeweka utaratibu tofauti kwa asiye na kumbukumbu za gharama, ambao hutazama thamani badala ya faida. Makazi binafsi husamehewa ikiwa mwenyewe ameyamiliki kwa miaka mitatu mfululizo au zaidi, ameishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida haizidi shilingi milioni 15. Aliyejenga kwa milioni 70 na akauza kwa milioni 120 amevuka kiwango hicho, na kodi yake itakuwa kama milioni 5, ikipungua kwa kila gharama anayoweza kuithibitisha. Udalali ni gharama ya kuuza, na kwa hiyo hupunguza faida inayotozwa. Lakini udalali uliolipwa taslimu, bila stakabadhi, hauwezi kuthibitishwa, hivyo mwenye nyumba aliyemlipa dalali wa mtaani milioni 6 mkononi anazilipia na kodi pia. Hesabu hii haitajwi na wanaolinganisha asilimia za udalali, ingawa inaifanya tofauti kati ya kuuza mwenyewe na kuuza kwa dalali asiye na stakabadhi kuwa kubwa kuliko inavyoonekana.

Wapo ambao hata hivyo wanamhitaji dalali, na hawana sababu ya kuona haya. Anayeishi Muscat au Toronto hawezi kufungua geti Kimara kila Jumamosi. Mwanamke mzee anayeishi peke yake ana haki ya kutowakaribisha wageni wasiojulikana waitazame dari ya chumba chake cha kulala. Anayeuza nyumba kubwa Masaki kwa mnunuzi wa mashirika anauza katika soko dogo ambalo wanunuzi wake hawapiti mtaani, na pengine hufikiwa tu na kampuni za uwakala zenye orodha zao. Kwa watu hawa, jambo la kufanya ni kuvunja lile fungu la kazi nne na kununua ile tu inayokosekana. Dalali apewe kazi ya kuleta mnunuzi na kumwonyesha nyumba, kwa karatasi yenye saini za pande mbili, ikitaja udalali kuwa kiasi cha fedha kilichowekwa, ambacho si asilimia wala cha juu, kitakacholipwa kwa stakabadhi baada ya malipo ya nyumba kuingia benki. Itaje bei ambayo nyumba itatangazwa. Iseme kwamba mnunuzi na muuzaji, au wakili wa muuzaji, watakutana kabla ya fedha yoyote kutolewa. Iweke ukomo, tuseme siku 60, ambao ukipita makubaliano yanakufa yenyewe. Na iseme wazi kwamba kwa mnunuzi atakayebisha hodi mwenyewe, bila kuletwa, hakuna udalali utakaodaiwa. Dalali anayekataa kuisaini karatasi hiyo ataonekana mapema, wakati nyumba bado ni ya mwenyewe na funguo bado ziko mfukoni mwake.